Mkia wa Paka Wasema Nini?



Asubuhi ukienda kukamua ng'ombe, paka hukufuata mpaka zizini, mkia ameusimamisha wima kama mlingoti wa bendera. Wengi wetu twadhani anataka maziwa tu. Ni kweli, maziwa anayataka. Lakini mkia ule una maneno mengine. Yafaa tujifunze maneno hayo, kwani asiyeyafahamu huweza kupoteza paka wake, na mtoto wake huweza kuumia.

Tangu mashamba ya Borabu yalipogawiwa wakulima katika miaka ya 1960, adui mmoja wa ghala la mahindi na wimbi amekuwa panya. Paka ni askari wa ghala asiyedai mshahara. Kazi hii ni ya zamani sana. Paka wetu wa nyumbani ni wa ukoo wa paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, na wataalamu waamini kwamba panya wa maghala ndio waliomvuta karibu na watu. Mwaka 2004 ilitangazwa kwamba katika kisiwa cha Kupro limechimbuliwa kaburi la mtu aliyezikwa karibu na paka, yapata miaka 9,500 iliyopita.

Basi, tuuanze mkia.

Mkia uliosimama wima ni salamu. Paka mdogo humsimamishia mama yake mkia hivyo, naye akikua huendelea kuwaamkia hivyo wale anaowapenda. Ncha ikipinda kidogo, ni furaha. Akija hivyo na kukusugua mguuni kwa shavu lake, anakupaka harufu yake, kama kusema, "Huyu ni wa kwetu."

Mkia unaopigwa huku na huku kwa nguvu ni hasira. Hapa ndipo wengi hukosea, hasa watoto, kwa sababu wamezoea mbwa. Mbwa mara nyingi hutikisa mkia kwa furaha, paka anayepiga mkia anasema, "Niache." Lakini ikiwa amelala chini akinyatia, na ncha ya mkia tu inatikisika, yuko kazini. Usimwite wala usimshike. Huenda panya yuko mbele yake.

Mkia uliovimba manyoya kama ufagio ni hofu kubwa. Hapo hukunja mgongo kama upinde na kusimama ubavu ubavu, ili aonekane mkubwa mbele ya adui. Mkia ulioingizwa katikati ya miguu pia ni woga. Paka mwenye woga asifukuzwe mpaka pembeni. Akikosa njia ya kukimbia, atapigana.

Usisome mkia peke yake, kama vile mtu hasomi neno moja akadhani amesoma barua. Tazama masikio pia. Yakielekea mbele, ametulia au anasikiliza. Yakilazwa nyuma, yuko tayari kupiga. Tazama macho. Mboni zikipanuka sana mchana kweupe, ana hofu au amesisimka. Akikutazama na kufumba macho polepole, anakuamini. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionyesha kwamba mtu akimfumbia paka macho polepole, paka naye huelekea kumjibu vivyo hivyo. Jaribu nyumbani, hakuna gharama.

Na akijilaza chali akaonyesha tumbo? Anakuamini, lakini hakuombi umshike tumbo. Wengi wamekwaruzwa hapo. Tena, kunguruma kwake kwa taratibu si raha sikuzote. Hata paka mgonjwa huweza kunguruma hivyo.

Nimeyaandika haya kwa sababu yalinifika. Mwanangu wa miaka sita alimkumbatia paka wetu aliyekuwa akipiga mkia kwa hasira. Mtoto alicheka, akidhani paka anacheza. Akaumwa mkononi. Kosa halikuwa la paka wala la mtoto, lilikuwa langu. Nimewafundisha watoto wa wenzangu kusoma herufi, nami sikumfundisha wangu kuusoma mkia. Tuliosha jeraha mara moja, tukaenda hospitali, naye akapona.

Hili la kuumwa lisichukuliwe kama mchezo. Meno ya paka ni membamba, huingiza uchafu ndani sana, na mkono huweza kuvimba na kutunga usaha. Tena paka huweza kuambukizwa kichaa cha mbwa. Hapa tabia ndiyo dalili: paka mpole akigeuka ghafula kuwa mkali pasipo sababu, au akijificha, akidondosha mate na kuyumba, usimguse. Mpashe habari daktari wa mifugo. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuuliza chanjo. Asingoje dalili, maana dalili zikitokea, kupona ni shida kubwa mno. Paka aliyeuma, hata akionekana mzima, daktari wa mifugo huagiza aangaliwe kwa siku 10. Njia iliyo bora ni kumchanja paka akiwa na miezi mitatu, kisha kurudia kama utakavyoelezwa.

Jambo la mwisho ni dawa ya kupe. Wakulima wengine wakimaliza kunyunyizia ng'ombe, humpaka paka dawa iliyobaki ili kuua viroboto. Usifanye hivyo kamwe! Dawa nyingine zimetengenezwa kwa kuiga nguvu ya pareto, ua tulijualo sana Kisii na Nyamira. Mojawapo huitwa permethrini. Ng'ombe huivumilia, lakini ini la paka haliwezi kuivunja upesi. Ukiona masikio na ngozi vinarukaruka, mate yanamtoka na mwili watetemeka, hiyo si hasira, ni sumu. Mwoshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, mkaushe, mfunike apate joto, kisha mwite daktari upesi.

Jioni hii, waite watoto, mkamtazame paka pamoja. Uliza, "Mkia wake wasema nini?" Mtoto ajuaye kujibu hataumwa ovyo, na paka anayeeleweka atakaa nyumbani alinde ghala lenu.