Difu ya Gari la Rimoti: Uchafu Huingilia Wapi?

Ukipita uwanja wa chini Jumamosi alasiri, huenda umeliona gari la rimoti la Chama cha Sayansi likikata kona na kutimua vumbi. Kila anayeliona huuliza linakwenda kasi gani na betri yake inakaa dakika ngapi. Habari za difu haziulizwi na mtu. Mimi nami sikuwa nikiziuliza, mpaka difu iliponitia aibu. Katika makala haya nitaeleza difu ni kitu gani, uchafu huingilia wapi, na jinsi ya kuuzuia. Mwishoni nina deni la kulipa.

Difu ni nini?

Waangalie maskauti wanapopiga gwaride na kuzunguka kona. Aliye upande wa ndani hupiga hatua fupi fupi, karibu akanyage pale pale, na aliye upande wa nje hunyoosha miguu ili asiachwe nyuma. Magurudumu ya gari yana shida iyo hiyo. Katika gari letu, kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia ni sentimita 20. Likizunguka duara moja kamili, gurudumu la nje husafiri zaidi ya la ndani kwa 2 × 3.14 × 20, yaani sentimita 125.6. Ni zaidi ya mita nzima! Tena jibu ni hilo hilo, duara liwe dogo au kubwa. Asiyeamini na achukue kalamu.

Basi, kama magurudumu hayo mawili yangefungwa kwenye chuma kimoja, kila kona moja lingeburutwa na jingine. Difu ndiyo inayowapatanisha. Ni kikopo kidogo chenye gia ndani. Mota huzungusha gia kubwa iliyo nje ya kikopo. Ndani mna gia mbili za pembeni, kila moja imeshika ekseli ya gurudumu lake, na katikati yake mna gia ndogo zinazoziunganisha. Gari likienda moja kwa moja, zote huzunguka pamoja kama kitu kimoja. Likikata kona, zile ndogo huanza kubingirika, na gurudumu la nje likapata mwendo zaidi wakati la ndani likipunguza. Katika miaka ya 1820 fundi wa saa wa Kifaransa, Onésiphore Pecqueur, aliibuni difu ya namna hii kwa ajili ya gari la mvuke, na mpaka leo matatu unayopanda kwenda nyumbani inayo.

Mambo yalivyotukia

Muhula wa pili mwaka wa 2023, nikiwa Kidato cha Pili, nilikuwa mtunza vifaa wa chama. Jumamosi moja gari lilianza kutoa sauti kama kinu cha kusagia kahawa, kisha mota ikawa inalia bure na gari limesimama tisti! Rimoti ilikuwa mkononi mwa kijana wa Kidato cha Kwanza. Bila kufungua hata skrubu moja nikatangaza mbele ya watu, "Wewe bwana umeligonga jiwe!" Akaapa kwamba hakugonga kitu. Nani wa kumsikiliza mono? Akakatazwa kuligusa gari muhula mzima, naye akaacha kuja chamani.

Likizo ilipofika nililipeleka gari kwa mjomba, ambaye ana gereji ya jua kali Nakuru. Shughuli yake ni Land Rover na malori, lakini alikubali. Alifungua difu juu ya gazeti, akachota kwa kidole uji mweusi uliokuwamo, akausugua kati ya vidole viwili. Kisha akanionyesha gia.

"Mpwa wangu, nani alikwambia hili limegonga jiwe?"

Sikujibu.

"Jiwe huvunja jino moja au mawili, na ukiangalia utaona pengo. Hapa hamna pengo. Meno yote yamelika sawasawa, yamekuwa membamba kama wembe. Hii ni kazi ya vumbi, tena ya wiki nyingi. Nani alipaka grisi hii yote huku nje?"

Lo! Ni mimi. Nilidhani nikipaka grisi nyingi nje ya giaboksi, kwenye maungio na pale ekseli zinapotokea, nitakuwa nimeziba njia ya vumbi. Mjomba akaenda rafuni akaleta kikopo cha dawa ya kusagia vali za injini. Ukiigusa utasikia chenga chenga. "Hii ni grisi iliyotiwa unga mgumu kusudi isage chuma," akasema. "Sisi tunainunua dukani. Wewe umejitengenezea yako."

Mwalimu wa Jiografia atakubaliana naye. Mchanga mwingi una chembe za kwatzi, na kwatzi ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, ambacho almasi ndiyo 10. Kisu cha kawaida ni kama 5.5 tu. Seuze gia ya plastiki! Vumbi kavu likianguka juu ya plastiki kavu, jingi hupeperuka. Likikuta grisi hunata, ekseli inapozunguka huliburuta ndani, na kuanzia hapo kila kona unayokata unazisaga gia zako mwenyewe.

Milango ya uchafu

Mlango wa kwanza ni pale ekseli zinapotokea kwenye kikopo. Kila upande una pete nyembamba ya mpira. Pete hiyo ikichanika au ikikauka, oili hutoka na uchafu huingia. Kwa hiyo ukiona unyevu wa oili pembeni mwa difu, usifute tu ukaendelea na mchezo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mlango wa pili ni mahali kikopo kinapokutana na gia kubwa. Katikati huwekwa gaskiti ya karatasi. Skrubu zikikazwa upande upande, kikopo hukaa mshazari na nafasi hubaki. Kaza moja kidogo, kisha inayoikabili, kisha nyingine, mpaka zote zikaze sawa.

Mlango wa tatu ni giaboksi yenyewe, ile nyumba ya nje inayoihifadhi difu. Kifuniko chake kikipotea, watu hucheza hivyo hivyo, wakisema litapatikana jingine. Gia ya mota huwa wazi, na changarawe moja tu yatosha kuikwamisha. Tukikosa kifuniko, sisi huziba tundu kwa sponji au kipande cha soksi ya nailoni, tukikifunga mbali na kitu chochote kinachozunguka. Usiifunike mota yenyewe kwa kitambaa, itachemka. Hapo pia mna beringi. Zenye kifuniko cha mpira huzuia vumbi vizuri kuliko zenye kifuniko cha bati, ingawa za mpira huwa nzito kidogo kuzunguka.

Mlango wa nne ni maji, na hapa nina kosa la pili. Nilikuwa nikilimwagia gari maji ya mfereji mara tu baada ya mchezo, difu ikiwa bado moto. Mjomba alinieleza kwamba hewa iliyo ndani ya difu ikipoa ghafla hujikunja, nayo hufyonza cho chote kilicho karibu na pete. Ndiyo maana difu ya gari kubwa ina kijibomba cha kupumulia, na wanaovuka mito hukiinua juu. Kigari chetu hakina. Basi kiache kipoe, kisha ukipanguse kwa brashi kavu ya kupakia rangi na mswaki wa zamani. Maji tuyaachie magurudumu, tena yakiwa yamefunguliwa.

Jinsi ya kuisafisha

Zima gari, toa betri, na uondoe vumbi lote la nje kabla ya kugusa skrubu. Ukifungulia difu uwanjani penye upepo, umefanya kazi bure. Fanyia mezani, juu ya gazeti au kitambaa cheupe, na uzipange skrubu kwa utaratibu ulivyozitoa.

Futa oili kuukuu kwa kitambaa. Gia za chuma zioshe kwa mafuta ya taa, lakini ukifanya hivyo uwe maabarani mbele ya mwalimu, mbali na moto. Plastiki na pete za mpira zioshe kwa maji ya sabuni. Kausha kila kitu kabisa. Pete iliyochanika itupe. Kabla ya kurudisha pete nzima, ipake oili kidogo sana ili isikwaruzwe na ekseli.

Tia oili ya silikoni ya difu mpaka gia ndogo zifunikwe, bila kujaza hadi ukingoni, kwa sababu oili ikipata joto hupanuka. Usitie oili ya injini, kwani kuna mipira inayofura ikiigusa. Gaskiti yetu ilipochanika tulichora nyingine juu ya karatasi ya manila, tukaikata kwa wembe. Ilitusaidia mpaka tulipopata ya dukani. Ukishafunga, futa grisi yote ya nje. Nje pawe pakavu!

Yapo pia magari yenye difu ya gololi, ambayo badala ya gia ina vigololi vilivyobanwa kati ya visahani viwili. Hiyo ina grisi yake maalumu, na haipendi uchafu hata kidogo.

Kuna jaribio rahisi la kufanya kila baada ya mchezo. Liinue gari, shika gia kubwa isizunguke, kisha zungusha gurudumu moja kwa mkono. La pili lizunguke kinyume, polepole na bila kukwaruza. Ukisikia chenga chenga vidoleni, fungua siku hiyo hiyo.

Deni langu

Nilisema nina deni. Yule kijana niliyemshtaki sasa yuko Kidato cha Tatu, na tangu 2023 hakurudi katika Chama cha Sayansi. Nilipotoka likizo nilibadilisha gia kimya kimya. Walioniuliza niliwaambia kwamba gari limepona. Sikumwambia mtu kilichokuwa ndani ya kile kikopo. Nyani haoni kundule.

Ndugu yangu, hukugonga jiwe. Ni grisi yangu na maji yangu. Nilikuhukumu mbele ya watu, nami nakuomba radhi mbele ya watu, katika gazeti ambalo najua utalisoma. Jumamosi hii gari litakuwa uwanja wa chini saa tisa. Difu nimeisafisha, na rimoti utaishika wewe kwanza.