Aijuaye ni Maiti au Mwosha? Kauli za Furaha na Dhiki katika Kiswahili

Wahenga walituachia methali mbili zinazofanana kwa umbo na kupingana kwa maana. Ya kwanza yasema, "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti." Ya pili yasema, "Aibu ya maiti aijuaye mwosha." Methali ya kwanza humpa mwenye maumivu mamlaka yote juu ya habari za maumivu yake; aliye nje ya kaburi hana la kuongeza. Ya pili humnyang'anya mamlaka hayo na kumkabidhi yule aliyeusogelea mwili akauona bila pazia. Baina ya methali hizo limo swali letu la leo: mtu anenapo kwamba ana furaha, au kwamba ana dhiki, ni lini tunamwamini, na ni lini tunajifanya waosha?

Tuanze na sarufi. Katika Kijapani, msemaji anayetaja hisia za mtu mwingine aghalabu hawezi kutumia kivumishi kilekile kitupu akitumiacho kwa hisia zake mwenyewe. Humbidi aongeze kiambishi -garu, chenye kuonyesha kwamba anasimulia dalili za nje, au abainishe kwa njia nyingine kuwa anakisia ama ameambiwa. Kiswahili hakitudai tahadhari hiyo. "Nina huzuni" na "ana huzuni" hutofautiana kwa nafsi tu.

Shaka yetu tumeiweka kwingine, katika kiambishi cha kujirejea -ji-. Tazama vitenzi kama kujiliza, kujichekesha na kujitia huzuni. Anayelia ana kilio chake. Anayejiliza amekwisha kuhukumiwa pasi na kuhojiwa. Na ni nadra mtu kusema "ninajiliza", ila kwa utani au kwa kukiri kosa. Hicho ni kitenzi cha watazamaji, na kwa maoni yangu ni kitenzi kikatili.

Upande wa furaha una hukumu ya namna nyingine. Mwaka 2011 Jonathan Phillips, Luke Misenheimer na Joshua Knobe walichapisha makala juu ya maana ya furaha kwa watu wa kawaida. Walioelezwa habari za mtu anayejisikia vizuri lakini anaishi maisha maovu walisita kukubali kwamba ana furaha. Alipokuwa anajisikia vibaya, wema au uovu wa maisha yake haukubadili sana jibu: walikubali kwamba hana furaha. Neno lililopimwa lilikuwa la Kiingereza, nasi hatulazimiki kulipokea kama lilivyo, maana Kiswahili kina maneno kadhaa hapo. Kwa sikio langu, fisadi twamkubalia "raha" bila kinyongo. Twasema anakula raha. "Furaha" twampa kwa kusitasita. "Heri" hatumpi kabisa, hata akiapa. Lakini mwenye dhiki, je, kwetu naye huaminiwa upesi hivyo? Kitenzi kujiliza chanizuia kujibu ndiyo.

Salamu zetu huongeza ugumu. "Hujambo" ni "huna jambo". Anayejibu "sijambo" anakanusha kuwapo kwa jambo, wala hadai furaha. Tena mgonjwa aliyepata nafuu twasema "hajambo kidogo", ilhali hajapona. Kwa adabu zetu jambo lenyewe halitangulii salamu. Hufuata baadaye, na aghalabu hutanguliwa na "ila": sijambo, ila mguu, sijambo, ila mtoto. Msikilizaji mwenye lugha yake huisubiri "ila" hiyo.

Nilipata kumwuguza bibi yangu hospitalini. Asubuhi moja muuguzi alipita kitandani: "Shikamoo bibi, hujambo?" Akajibiwa, "Marahaba mwanangu, sijambo." Kalamu ikaandika kuwa mgonjwa anaendelea vizuri, na muuguzi akahamia kitanda cha pili. Simlaumu sana, wodi ilijaa, na alichoandika ndicho alichoambiwa. Bibi naye hakusema uongo, kwani alikuwa amejibu salamu, na maelezo alikuwa bado hajayatoa. Mchana alikuja daktari mtu mzima, akaamkiana naye taratibu, akavuta kiti akaketi, kisha akanyamaza. Kimya kile kilipokwisha kuwa kirefu, bibi akasema, "Ila usiku sikulala, mwanangu. Huu ni usiku wa tatu."