Mtoto kapimwa kaswende, majibu ni chanya: Je, anaumwa kweli?

Bariadi. Mama kajifungua salama, mtoto analia vizuri na ananyonya. Halafu kipimo cha kaswende cha mtoto kinatoka chanya, na nyumbani maneno yanaanza.

Subiri kwanza. Majibu hayo peke yake hayasemi kwamba mtoto ameambukizwa.

Kwa nini?

Vipimo vinavyotumika sana havitafuti bakteria wa kaswende. Vinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza ukikutana na ugonjwa.

Wakati wa ujauzito, kingamwili za mama aina ya IgG hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwa mtoto. Kwa hiyo hata mama aliyetibiwa akapona anaweza kumpa mtoto askari hao bila kumpa ugonjwa. Wanaweza kukaa kwenye damu yake zaidi ya mwaka mmoja.

Kingamwili aina ya IgM hazipiti kwenye kondo. Zikionekana kwa mtoto, kazitengeneza mwenyewe, na hiyo ni ishara ya maambukizi. Shida ni kwamba kipimo chake hakipatikani kirahisi, na kisipoziona haina maana kwamba mtoto ni salama.

Daktari anaangalia nini?

1. Kipimo cha RPR cha mama na cha mtoto kwa pamoja. Kiwango cha mtoto kikifika mara nne ya cha mama, mfano mama 1:4 na mtoto 1:16, hiyo ni dalili kubwa. Kikiwa chini ya hapo, bado ugonjwa unaweza kuwepo.

2. Mwili wa mtoto: vipele viganjani na kwenye nyayo, mafua yasiyokwisha, manjano, ini au bandama kuvimba. Lakini watoto wengi walioambukizwa huzaliwa bila dalili yoyote.

3. Matibabu ya mama. Je, alichomwa sindano ya benzathini penisilini angalau siku 30 kabla ya kujifungua? Kama hapana, mtoto hutibiwa hata akionekana mzima.

Baada ya hapo mtoto hufuatiliwa. Kwa ambaye hakuambukizwa, RPR hushuka na kwisha ndani ya takribani miezi sita.

Si jambo la kupuuza. Utafiti uliofanyika kwa jirani zetu Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa kwa wajawazito ambao hawakupimwa, karibu nusu ya watoto waliozaliwa wafu walihusishwa na kaswende. Utafiti huo pia ulionyesha kuwa kwa waliopimwa na kuchomwa sindano moja tu ya penisilini, hatari ilishuka hadi kulingana na ya wasio na ugonjwa.

Basi mama, wahi kliniki mapema, nenda na mwenzako naye apimwe na kutibiwa, maana asipotibiwa atakuambukiza tena. Na kadi ya kliniki itunze: tarehe ya sindano iliyoandikwa humo ndiyo itakayomsaidia daktari kuamua kuhusu mtoto wako.