Biashara Ndani ya Hanga: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa Kodi

Katika viwanja vidogo vya ndege vya kibinafsi, hanga, yaani banda kubwa la kuegeshea ndege, linaweza kukaa tupu kwa muda mrefu. Huenda ndege iliuzwa, au wageni huja msimu wa utalii pekee. Kwa mfanyabiashara, banda kama hilo linavutia: paa liko juu, katikati hakuna nguzo, sakafu ni ya saruji na lori huingia hadi ndani. Ndiyo sababu mafundi wa samani, wauzaji wa vifaa vya ujenzi na wanunuzi wa mahindi hulitamani.

Je, makubaliano na mwenye uwanja yanatosha? Hapana. Mpangaji asiyejua hilo anaweza kufungiwa biashara akiwa tayari amelipa kodi, ameleta mashine na kuajiri watu.

Serikali zote mbili zinahusika

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa Serikali ya Kitaifa jukumu la usafiri wa ndege, na viwanja husimamiwa kiusalama na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA). Jedwali hilohilo linazipa kaunti leseni za biashara, mipango ya ardhi na huduma za zimamoto. Uwanja kuwa mali ya mtu binafsi hakuuondoi chini ya sheria hizi.

Kugeuza hanga kuwa ghala au karakana ni kubadilisha matumizi ya jengo. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inataka kibali cha kaunti kipatikane kwanza. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kuwa na leseni ya biashara hakuchukui nafasi ya kibali hiki.

Hatari zilizopo

Nafaka: Mahindi yaliyomwagika huvuta njiwa, kunguru na panya, na panya huvuta mwewe. Njiwa mmoja akigonga kioo cha rubani au kuingia kwenye injini wakati wa kupaa, maisha ya walio ndani yamo hatarini.

Moto: Cheche za kuchomelea vyuma, maranda ya mbao na magodoro si vitu vya kuwekwa karibu na mafuta ya ndege. Isitoshe, mlango mkubwa wa hanga ni mzito na hauwezi kutegemewa kuwa njia pekee ya kutorokea.

Taka ndogo: Msumari mmoja ukipeperushwa au kuangushwa kwenye njia ya kurukia unaweza kupasua gurudumu la ndege.

Watu: Wateja na bodaboda wasiozoea uwanja huweza kukatiza njia ya ndege. Rafadha inayozunguka kwa kasi ni vigumu kuonekana.

Hatua za kufuata

1. Mpangaji amwombe mwenye uwanja stakabadhi za umiliki, idhini ya KCAA na ridhaa ya maandishi inayotaja aina ya biashara.

2. Maombi ya kubadilisha matumizi yapelekwe katika ofisi ya mipango ya kaunti kabla ya kuhamia. Maoni ya KCAA kuhusu usalama wa ndege yatafutwe mapema.

3. Zimamoto wakague jengo. Kuwe na mlango wa dharura, vizima-moto, uzio na njia ya wateja isiyopitia sehemu ya ndege.

4. Leseni ya biashara ichukuliwe ikionyesha shughuli halisi na mahali halisi.

5. Kampuni ya bima ielezwe wazi kwamba biashara iko ndani ya hanga. Ukificha jambo muhimu kama hilo, fidia inaweza kukataliwa siku ya janga.

6. Mkataba useme nini kitafanyika kibali kikikataliwa, au mwenye uwanja akihitaji hanga kwa ajili ya ndege.

Biashara nyingine, kama vile kuhifadhi vifaa visivyovuta wadudu wala kushika moto kwa urahisi, huweza kukaa hapo bila kutatiza ndege. Kodi inayolipwa humsaidia mwenye uwanja kufyeka nyasi na kutunza njia ya kurukia.

Utunzaji huo una faida kwa wasiowahi kupanda ndege pia. Ndege za wagonjwa, zikiwemo za AMREF Flying Doctors kutoka Uwanja wa Wilson, hutua kwenye viwanja vidogo kumchukua mgonjwa mahututi aliye mbali na hospitali kubwa. Siku hiyo rubani anahitaji kuikuta njia ikiwa wazi, bila kunguru, misumari wala bodaboda.

Mwenye shaka afike katika ofisi ya biashara au ya mipango ya kaunti kabla ya kutia sahihi.