Ofa za uyaya ng'ambo: biashara isiyo na ofisi

Mawakala wenye leseni wanaopeleka wafanyakazi wa nyumbani nje ya Kenya wana kilio kimoja: mshindani wao hana hata kiti. Ana simu, picha ya familia ya Kizungu yenye watoto wawili, na barua ya ajira yenye mhuri.

Wakala mmoja wa Mombasa, ambaye hakutaka atajwe kwa kuwa leseni yake inasubiri kufanywa upya, anasema wengi wanaobisha hodi kwake si watafuta kazi bali watu waliokwisha kutapeliwa. Wanamdai yeye. Namba ya leseni yake ilinakiliwa na kubandikwa kwenye tangazo la yaya wa Toronto, mji asiowahi kumpeleka mtu. Analipa pango, kodi na dhamana ya benki, na wakaguzi wanamjia kwa sababu ana mlango wa kugonga. Wasio na mlango hawaguswi, na kila onyo linalotolewa redioni kuhusu "mawakala" humwondolea wateja yeye.

Afisa mmoja wa serikali anasisitiza kwamba dawa ipo: hakiki orodha ya mawakala waliosajiliwa kabla ya kutoa pesa. Kwa safari za Uarabuni, ambazo kwa kawaida hupitia kwa wakala, ushauri huo una maana. Lakini "mama" wa Kanada anayetafuta yaya moja kwa moja kwa WhatsApp hadai kuwa wakala. Utamtafuta kwenye orodha gani? Afisa huyo anasema pia kwamba malalamiko yamepungua. Huenda. Aliyepoteza pesa za chama haendi mbio kituoni kujianika.

Kipimo kinachofaa zaidi ni kuuliza kama njia yenyewe ipo. Viza ya Uingereza ya mfanyakazi wa nyumbani hutaka uwe umemtumikia mwajiri huyo angalau mwaka mmoja kabla ya kuomba. Familia ya London uliyokutana nayo mtandaoni wiki jana haiwezi kukuchukua kwa njia hiyo. Ujerumani ina mpango halali wa au pair, lakini ni wa walio chini ya miaka 27, wenye Kijerumani cha msingi, kwa saa zisizozidi 30 kwa wiki na posho ya euro 280 kwa mwezi, pamoja na chumba na chakula. Anayekuahidi mshahara wa daktari kwa jina la au pair anauza kitu kingine. Kanada ilifungua mpango wake mpya wa walezi tarehe 31 Machi 2025, nafasi zikajaa siku hiyohiyo, na zilikuwa za watu waliokuwa tayari nchini humo. Matangazo huku kwetu hayakupungua.

Kisha tazama nani anauliza nini. Mzazi wa kweli anayemkabidhi mgeni mtoto wake huhoji hadi uchoke: umelea nani, mtoto akipaliwa utafanya nini, nimpigie nani aliyekuajiri. Tapeli huuliza pasipoti na uwezo wa kulipa. Ada huja kidogo kidogo, ya daktari, ya bima, ya wakili wa viza, kisha faini ya kuchelewa, zote kwa namba ya simu ya mtu binafsi wa hapahapa. Aliyelipa mara tatu huona uchungu kuacha. Hapo ndipo faida ya biashara hii ilipo.

Ukishatuma pesa, ipigie kampuni ya pesa za simu papo hapo kabla hazijatolewa. Usifute mazungumzo wala risiti, polisi watazihitaji. Kama ulituma nakala ya pasipoti, taja hilo kwenye ripoti, maana inaweza kupachikwa kwenye ofa ya mwingine. Na akijitokeza "mpelelezi" wa kukurudishia pesa kwa ada ndogo, huyo ni wa kundi lilelile, au jirani yao.

Serikali inaahidi usajili wa kidijitali utabana mianya. Wakala wa Mombasa angependa zaidi balozi zipokee simu na kujibu swali moja tu: viza ya aina hii ipo au haipo? Hatarajii hilo karibuni. Ameacha kutangaza nafasi za yaya, anashughulika na madereva na wahudumu wa hoteli, ingawa hata huko ameanza kuona barua zenye mihuri asiyoitambua.