Vidole Havitoshi: Mpiga Piano Kijana Mbele ya Okestra

Mara kwa mara mitandaoni husambaa video ya mtoto au kijana akipiga koncheto na okestra kubwa, na maoni ya watazamaji karibu yote huwa ya aina moja: tazama vidole vinavyokimbia! Sifa hiyo ni ya haki, ila inamsifia kijana kwa jambo lililo jepesi kuliko mengine aliyoyafanya jukwaani. Vidole vya mwanafunzi mwenye bidii na mwalimu mzuri huweza kukomaa angali mtoto. Kinachochelewa ni sikio, na koncheto ni mtihani wa sikio.

Koncheto ni utungo wa ala moja ikiwa pamoja na okestra nzima, na mara nyingi huwa na sehemu tatu: ya kwanza ndefu, ya pili ya polepole, ya tatu ya kasi. Mpiga piano hukaa mbele, ubavu wake ukiwaelekea watazamaji. Nyuma yake wapo wanamuziki sitini, sabini au zaidi, wenye fidla, chelo, filimbi, tarumbeta na ngoma, na kiongozi wa okestra akiwa na kijiti chake mkononi. Kuna mahali okestra hunyamaza na kumwachia mpiga piano uwanja peke yake. Hapo huitwa kadenza, na mpenzi wa taarabu ataikumbuka taksimu ya kanuni au udi. Lakini kadenza ni ya dakika chache. Muda wote uliobaki, watu hao wote wanatakiwa kwenda pamoja.

Kwenda pamoja si jambo dogo. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Tarumbeta zikiwa mita 15 nyuma ya piano, noti yake humfikia mpigaji ikiwa imechelewa kwa sehemu nne hivi za mia za sekunde. Huenda ukaona si kitu, lakini katika muziki wa kasi, ambapo mkono mmoja hupiga noti kumi na zaidi kwa sekunde, pengo hilo linasikika. Akingoja aisikie tarumbeta ndipo apige, ameshachelewa. Kwa hiyo hana budi kukitazama kijiti, kuzishika besi kwa sikio, na kujua noti ya mwenzake itakuja lini kabla haijamfikia.

Namna tunavyofundisha nayo huongeza ugumu. Kwa miezi mingi mwanafunzi hujifunza koncheto kwa piano mbili: yeye anapiga sehemu yake, mwalimu anapiga sehemu ya okestra iliyofupishwa. Ni njia nzuri, na hatuna nyingine iliyo rahisi, ila inamdekeza mwanafunzi. Piano ya mwalimu haihitaji pumzi. Ukiigusa inalia papo hapo. Tena mwalimu anamjua mwanafunzi wake, akikimbia humfuata, akisita humngoja. Kisha inafika zamu ya okestra yenyewe, na mara nyingi nafasi ya kufanya mazoezi nayo huwa ni mara mbili, pengine moja tu. Mpiga filimbi lazima avute pumzi kabla ya kuanza. Upinde wa fidla huchukua kitambo kuiamsha sauti. Kijana aliyezoea kufuatwa hujikuta ametangulia, na nyuma yake hakuna mtu.

Ndiyo maana tunapaswa kumtazama upya mpiga piano Evgeny Kissin, aliyepiga koncheto zote mbili za mtunzi Chopin katika usiku mmoja mjini Moscow mwezi Machi 1984, akiwa na miaka 12. Katika koncheto hizo okestra haina mambo mengi, na wengi hudhani hilo linarahisisha kazi. Kumbe Chopin anamtaka mpigaji auvute wakati na kuulegeza, kama mwimbaji anayekawia juu ya neno analolipenda, kisha atue sawasawa na fidla zinazomngoja. Mtoto anayeuvuta wakati bila kuonyesha atatua wapi huiacha okestra nzima ikibahatisha. Kissin alionyesha. Rekodi ya usiku ule ipo hadi leo, na ndiyo inayotushuhudia.

Mfano wa karibu zaidi ni Yunchan Lim wa Korea Kusini. Juni 2022 alishinda shindano la piano la Van Cliburn huko Fort Worth, Texas, akiwa na miaka 18, umri wa chini kabisa unaoruhusiwa, na hakuna aliyewahi kulishinda akiwa mdogo kuliko yeye. Katika fainali alipiga Koncheto ya Tatu ya Beethoven na Koncheto ya Tatu ya Rachmaninoff, okestra ikiongozwa na Marin Alsop. Katika ile ya Beethoven, okestra hutangulia kwa takriban dakika tatu huku mpiga piano amekaa tu, mikono mapajani. Asiyesikiliza dakika hizo huingia na mwendo aliotoka nao nyumbani, si mwendo uliopo ukumbini.

Ile ya Rachmaninoff inasifika kwa ugumu. Mtunzi mwenyewe aliipiga kwa mara ya kwanza mjini New York, Novemba 1909, baada ya kuifanyia mazoezi melini kwa kinanda kisichotoa sauti. Watu huzungumzia mafuriko ya noti zake. Mimi ningependa usikilize mahali pawili. Pa kwanza ni mwanzo: okestra inasikika kwa sekunde chache, kisha piano inaingia kwa sauti ya chini na wimbo mwepesi kabisa, mikono yote miwili ikipiga noti zilezile kwa oktava. Pa pili ni baada ya kishindo cha kadenza. Filimbi inaingia na ule wimbo wa mwanzo, halafu obo, klarineti na baragumu, kila moja kwa zamu yake, na piano iliyokuwa ikinguruma sasa inawatandikia wenzake noti laini chini. Nyota wa usiku amekuwa msindikizaji.

Mpiga piano Clara Wieck, ambaye baadaye alijulikana kama Clara Schumann, alilielewa hilo mapema. Novemba 1835, akiwa na miaka 16, alipiga koncheto aliyoitunga mwenyewe mjini Leipzig, Mendelssohn akiongoza okestra. Katika sehemu ya pili ya koncheto hiyo piano huanza peke yake, kisha chelo moja tu huingia na kuzungumza nayo.

Kwa hiyo wazazi na walimu wenye kijana mwenye kipaji, msiwe na haraka ya kumtafutia okestra. Kwanza asindikize waimbaji, apige na mwenye fidla, akosee humo na kujirekebisha humo. Nanyi mnaotazama video, mtazameni hasa pale ambapo hapigi, au anapopiga chini ya sauti ya mwingine. Anayejua kumsindikiza mpiga filimbi yuko tayari kwa koncheto, awe na miaka 12 au 30. Ambaye bado hajajua aongezewe muda, na wala asidhani kwamba ameshindwa.