Chapa Isomwe Kuanzia Pembeni

Ukiletewa picha ya chapa isiyo na mtu, mnyama wala mti, usiitazame katikati kwanza. Anza pembeni. Huko ndiko rangi hupishana kidogo, na ukaona msanii alianzia wapi.

Mimi ni mwalimu hapa Ipililo, wilayani Maswa. Nikimaliza kusahihisha madaftari nachonga ubao, kwa patasi nilizotengeneza kwa njiti za mwavuli mbovu. Mashine ya kukandamizia sina. Naweka karatasi juu ya wino na kuisugua kwa mgongo wa kijiko. Msimu wa pamba ukipita, magunia chakavu hayakosekani. Kipande nakigandisha kwenye kadibodi, nakipaka wino, nakichapa juu ya rangi za ubao. Nyuzi zake hutoa vijisanduku ambavyo patasi haiwezi kuvichonga.

Jirani yangu, mzee wa ng'ombe, aliikodolea macho moja ya chapa zangu.

"Mwalimu, sasa hii ni nini?"

"Mzee wangu, niambie kwanza: njano na nyeusi, ipi ilitangulia?"

Akainama, akagusa ukingo. "Njano. Si hii inachungulia chini?" Kisha akaonyesha alama za gunia: "Na hili lilikuja mwisho, limepanda juu ya zote." Alikuwa ameshaisoma, ingawa bado alitaka kujua ni nini.

Fundi wa kazi hii katika ukanda wetu ni Fred Mutebi wa Uganda, msomi wa Makerere. Rangi zake zote hutoka kwenye ubao mmoja. Kwa njia hiyo, kwanza unachonga panapotakiwa kubaki peupe, unachapa rangi hafifu kwenye karatasi zote. Unarudi kwenye ubao uleule, unaondoa panapotakiwa kubaki na rangi hiyo, unachapa inayofuata. Hivyo hivyo hadi nyeusi. Kila hatua inaila iliyotangulia. Ukikosea rangi ya nne, huna pa kurudi. Picasso naye alichonga linoleamu kwa namna hii mwishoni mwa miaka ya 1950. Mutebi ameleta pia nguo ya magome ya mtuba, ufundi wa Waganda ulioenziwa na UNESCO mwaka 2005. Wekundu wake wa kutu na mikunjo yake vinaingia kwenye picha bila kuchorwa na mtu. Hapo ndipo mimi humwonea wivu.

Chini ya chapa huwa pana namba ya penseli. 3/12 maana yake ni ya tatu kati ya kumi na mbili, na kwa njia ya ubao mmoja ya kumi na tatu haipo. Mteja wa Bariadi alinisihi nimwongezee nakala mbili za ile ya njano. Nikamtolea ubao: zimebaki sehemu za nyeusi tu, kwingine kote mashimo. Akaugeuzageuza, akauliza bei ya ubao.